Nafasi Mnayoichomekea Ndiyo Breki Yetu

Kwa maafisa wa sacco za matatu na Probox, na wenyekiti wa stendi za bodaboda, kati ya Webuye na Malaba



Nawaandikia nyinyi kabla ya polisi wa trafiki, kabla ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kabla ya mbunge wetu wa Bumula, kwa kuwa nyinyi ndio mnaowajua watu ninaotaka kuwasema. Polisi humwona dereva akipita tu. Nyinyi mnajua jina lake na la baba yake, mnajua jana alilala saa ngapi, na mnajua jioni atadaiwa pesa ngapi na mwenye gari. Mimi ni dereva wa tela. Kwetu ni Bumula, upande wa Kimaeti, na mizigo ninayobeba hutoka Mombasa kwenda Kampala, mara nyingine Kigali au Juba. Barabara hii nimeijua nikiwa juu ya kabini, na nimeijua pia nikiwa abiria wenu, tumebanana wanne kwenye kiti cha watu watatu, magoti yakigusa kidevu, tukitoka Bungoma mjini kurudi nyumbani.

Nina neno moja, na mengine yote ni maelezo yake. Ile nafasi mnayoiona wazi mbele ya lori, ile inayomfanya kijana wenu aseme "huyu mzee amelala" kisha akachomeka pua ya gari, haikuachwa kwa uzembe. Ndiyo breki yangu. Anayeichukua ameondoka na breki zangu huku ameniachia mzigo.

Hebu tuhesabu kidogo, maana watu hudhani breki ni suala la mguu tu. Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, inaruhusu lori la ekseli saba kufikisha tani 56. Probox tupu ni tani moja na kidogo. Breki za tela ni za upepo: nikikanyaga pedali, upepo unasafiri kwenye mipira kutoka kichwani hadi magurudumu ya mwisho, na safari hiyo hula karibu nusu sekunde. Kidhibiti mwendo tulichofungiwa na kanuni za waziri Michuki mwaka 2004 kinakata kwenye kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linameza mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mita 11 zimekwisha hata tairi halijapata habari. Ongezeni muda wa jicho kuona na mguu kuhama, kisha breki zenyewe zianze kushika. Tela lililojaa, kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazuri, litahitaji mita 90 hivi ndipo lisimame. Ikija mvua yetu ya alasiri, ile isiyobisha hodi, tupeni hesabu hiyo tuanze upya. Na anayewaambia kwamba lori tupu husimama haraka, muulizeni amewahi kuona tela tupu likipigwa breki ya ghafla kwenye lami yenye maji. Linajikunja. Mkia unakuja kukutana na kichwa, na upana wote wa barabara unageuka ukuta wa chuma.

Mtaniambia: hayo ni mambo ya mwendo wa kasi, sisi tunachomekea kwenye msongamano, magari yakitambaa. Haya, twendeni kwenye msongamano. Twendeni Kanduyi.

Pale Kanduyi, lori la kutoka Webuye linalotaka kuingia Bungoma mjini hukata kushoto. Tela la mita 17 hivi halikati kona kama gari dogo. Kichwa kikigeuka, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakatiza ndani, karibu na ukingo. Dereva anayejua kazi yake kwanza hutanuka kulia ili mkia upate pa kupita. Hapo ndipo maafa yanapopikwa. Anapotanuka kulia, upande wa kushoto unabaki wazi, mtamu, kama mlango uliosahauliwa, na bodaboda tatu na Probox moja zinaingia humo zikidhani zimepewa njia. Taa ya kushoto inawaka wakati wote huo. Hakuna anayeitazama. Nami niliye juu, upande wa kulia wa kabini, huo upande wa kushoto ndio nisiouona vizuri kuliko pande zote. Kioo kinanionyesha ubavu wa tela, hakinionyeshi aliyejibanza chini ya mlango. Na aliye mbele kabisa, karibu na bampa, huyo simwoni hata nikiinuka kitini. Malori ya siku hizi hayana pua. Kioo cha mbele kinaanzia juu ya kichwa cha mtu aliyeketi kwenye pikipiki.

Jiji la London lilisumbuliwa na jambo hili hili. Wao pia huendesha upande wa kushoto kama sisi, na waendesha baiskeli wao wamekuwa wakisagwa na malori yanayokata kushoto. Wakuu wa jiji wakaweka kipimo: kila lori la zaidi ya tani 12 lipimwe dereva anaona kiasi gani kutoka kitini pake, na lisilofaa liongezewe vioo, kamera na vifaa vya kuonya. Tangu Machi 2021, lori lisilo na kibali cha kipimo hicho hutozwa faini likiingia jijini. Huku kwetu kamera yangu ni tanboi, msaidizi wangu, ametoa kichwa dirishani, anapiga mlango kwa kiganja na kupaza sauti hadi inakauka. Siku tanboi akishuka kununua maji, niko nusu kipofu. Wapanda pikipiki wenu hawalijui hilo. Wanadhani kwa sababu wao wananiona mimi, mkubwa nilivyo, basi nami nawaona.

Lakini Kanduyi ni dakika chache. Jambo linaloninyima usingizi ni foleni ya Malaba.

Nyote mnaijua. Mtandao wa forodha ukizima, au Uganda ikibadilisha masharti, au ikawa siku ya shughuli nyingi tu mpakani, malori yanaanza kusimama, moja nyuma ya jingine, na mstari unarudi nyuma kuja kwetu. Mei 2020, vipimo vya korona vilipoanza kuwangojesha madereva kwa siku kadhaa, na tena Januari 2022, madereva walipogoma kulipia dola 30 za kipimo upande wa Uganda, foleni ilihesabiwa kwa makumi ya kilomita. Ilitoka Teso ikaingia Bumula, ikavuka. Watu walipika kando ya magurudumu. Hizo ni foleni zilizoandikwa magazetini, lakini hata ile ndogo isiyoandikwa na mtu hufanya jambo lile lile: upande wa kushoto wa barabara unageuka maegesho, na upande wa kulia unakuwa wa kila mtu.

Kijana wenu wa Probox anatoka Bungoma na watu tisa, kumi ukihesabu mtoto. Anafika mkia wa foleni. Kusimama hawezi, maana yeye si wa mpakani, anaenda Kimaeti tu au kituo kinachofuata. Anahamia kulia. Hapo amekwenda kinyume, na atakwenda kinyume kilomita baada ya kilomita, kwa kuwa hakuna pengo la kurudi. Kutoka mbele yanakuja malori yaliyoshusha mzigo Kampala, matupu, mepesi, madereva wamechoka na wanawaza nyumbani. Kijana akiyaona anawasha taa, anapiga honi, kisha anatafuta tundu kati ya malori yaliyosimama. Analipata. Anajichomeka mbele ya lori moja kwa pembe, kiuno cha gari bado kiko barabarani.

Sasa mfikirieni dereva wa lori hilo. Ameketi kwenye foleni tangu jana. Macho yako kwenye mkia wa lori lililo mbele yake, kwa kuwa asiposonga upesi mwingine ataingia. Lori la mbele linasogea. Anaachia breki, anaingiza gia. Chini ya kioo chake, mahali asipopaona, pana watu kumi.

Simalizi hadithi hiyo. Mnajua inavyokwisha, na baadhi yenu mmekwenda mochari kutambua watu.

Ukingoni mwa foleni hiyo hiyo kuna maisha mengine. Mama anauza chai na mandazi kwa madereva, mwingine ndizi, kijana anauza maji. Watoto wa shule wanavuka kati ya bampa na bampa. Mtoto tumemfundisha aangalie kulia, aangalie kushoto, aangalie kulia tena. Nani amemfundisha kwamba bodaboda itatokea kwenye udongo, upande ambao si barabara, kwa kasi ya barabarani, ikiwa na abiria wawili na kuku? Kupita kwenye ukingo kumekuwa jambo la kawaida mno hata mwenda kwa miguu akigongwa huko, anaulizwa alikuwa akifanya nini pale.

Mwaka 2024 watu 4,748 walikufa kwenye barabara za Kenya, kwa hesabu za NTSA. Magari makubwa yana sehemu yake katika hesabu hizo na siikwepi. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya mwaka 2017, basi lililokuwa likitoka Busia liligongana uso kwa uso na lori pale Migaa, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023, tela liliacha barabara kwenye makutano ya Londiani likawavaa wafanyabiashara na matatu zilizosimama kando, wakafa 52. Nikipita na mzigo pale Kanduyi jioni, nikiona mboga zimepangwa hatua mbili kutoka kwenye lami na matatu zenu zimepakia abiria zikiwa nusu barabarani, Londiani ndiyo ninayoiona. Baada ya Migaa, serikali ilipiga marufuku safari za usiku za magari ya abiria ya masafa marefu. Marufuku ile haikukaa. Kupiga marufuku saa ni rahisi, haraka ndiyo inayoshinda wakubwa.

Na haraka hiyo ina mwenyewe. Sitaki kumlaumu kijana peke yake, nimekula naye ugali hotelini na najua hesabu zake. Mwenye gari anataka tageti yake jioni, fedha ile ile, kuwe na foleni au kusiwe. Mafuta ni juu ya kijana, na ya kizuizini pia ni juu yake, msinifanye nieleze zaidi. Kinachobaki ndicho mshahara wake na wa makanga. Saa moja ikipotelea nyuma ya malori, imekatwa kwenye unga wa watoto wake. Kama ni skwodi, aliyepewa gari nusu siku na dereva mwingine, ndiyo kabisa. Mfumo huu humlipa anayechomeka na kumkata aliyesubiri, halafu akifa mnachanga mazishi.

Lakini kuna jambo moja linalonipa moyo kuwaandikia. Nyinyi mna foleni yenu wenyewe pale stendi. Gari la kwanza kufika hupakia kwanza. La pili hungoja, hata likae saa nzima, hata abiria walitake kwa kuwa lina redio nzuri. Nimeona dereva akijaribu kuiruka foleni hiyo, na nimeona alivyotolewa abiria mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, bila polisi, bila hakimu, bila karatasi. Kwa hiyo nidhamu ya mstari mnayo. Kijana anayejua kungoja saa nzima stendi kwa kumwogopa mwenyekiti ndiye huyo huyo asiyeweza kungoja dakika kumi nyuma ya lori. Hajakosa subira. Amekosa mwenyekiti barabarani.

Basi iwekeni barabarani adhabu ile ile ya stendi. Dereva akionekana amekwenda kinyume kando ya foleni ya Malaba, au amemchomekea lori pembeni, kesho yake apakie wa mwisho. Akirudia, siku tatu. Hamhitaji kamera. Abiria wana simu, na sisi madereva wa malori tumekaa juu tunasoma namba za magari vizuri kuliko mtu yeyote. Wekeni nambari ya simu ya mwenyekiti mlangoni kwa maandishi makubwa, nasi tutapiga. Na siku za foleni, kaeni na wenye magari mkubaliane tageti ishuke. Haitawafilisi. Probox moja iliyolaliwa na tela hugharimu zaidi ya tageti za siku nyingi za foleni, na hiyo ni hesabu ya chuma peke yake.

Kwa watu wa bodaboda ombi langu ni jepesi zaidi, maana najua mwenyekiti wa stendi anawajua vijana wake mmoja mmoja. Lori likiwasha taa ya kushoto, pikipiki isikae kushoto kwake, hata kama nafasi ingetosha harusi. Na asiyeviona vioo vya lori ajue dereva naye hamwoni. Semeni hivyo kila asubuhi kabla ya kijana wa kwanza kuwasha pikipiki.

Sasa zamu yetu, msije mkasema dereva wa tela ameona kibanzi tu. Siku za foleni tunabanana bampa kwa bampa kama tunaogopa kuibiwa, wakati lori lililosimama halipotezi chochote kwa kuacha nafasi. Baada ya kila malori manne au matano tungeacha pengo la gari dogo kuingia na ambulensi kupenya, na waliolala kabini wangeamshwa na tanboi kabla ya kusonga. Nimeanza kulisema hili kwa wenzangu. Wengine wanacheka. Kisha kuna lori linaloharibika usiku, na badala ya pembetatu dereva anatandaza matawi barabarani, kana kwamba matawi yana taa. Kesho yake lori limeondoka, matawi na mawe yamebaki.

Na matrekta ya miwa nayo, hayo ni aibu yetu sote wa Bumula. Trekta moja, matela mawili, miwa imetokeza pande zote hadi upana umezidi barabara, jua limezama, nyuma hakuna taa hata ya kuazima. Watoto wanakimbilia mkia kuchomoa miwa, anayekuja nyuma anamkwepa mtoto na kukutana na gari la mbele. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilikodishwa kwa mwekezaji mwaka 2025. Kikisaga kwa nguvu tunayoahidiwa, matrekta barabarani yatazidi, na huo ndio wakati wa kudai kila tela la miwa lifungwe vibandiko vinavyong'aa na mzigo ukatwe usizidi ubavu. Mwenye shamba anaweza kulidai hilo kabla ya kukubali miwa yake ipakiwe. Hilo nitawaandikia wakulima barua yao, lina marefu yake.

Kuna la tenka ambalo siwezi kuliacha. Kati ya malori mnayoyachomekea, mengine yamebeba petroli ya Uganda, Rwanda na Congo. Mafuta ndani ya tanki hayakai kimya kama simenti. Dereva akipiga breki, mafuta yanakimbilia mbele. Akikwepa, yanakimbilia ubavuni, na yanaendelea kusukuma hata baada ya usukani kurudi. Tenka huanguka kwa kukwepa kitu kidogo sana. Julai 2021, tenka liligongana na lori jingine pale Malanga, Gem, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Waliokufa wengi ni wale waliokuja na mitungi kuchota mafuta yaliyomwagika, kisha moto ukawakuta. Watu wa Malanga hawana tofauti na sisi. Lianguke moja Kimaeti saa kumi na mbili jioni, mnajua mitungi itatoka nyumba zipi.

Najua wapo kati yenu watakaosoma hadi hapa na kusema dereva wa lori anajitetea. Ndiyo maana ninatoa pendekezo. Jumapili yoyote mtakayochagua nikiwa nyumbani, nitaegesha tela penye uwanja mpana, mbali na barabara. Mwenye tela nimezungumza naye, amekubali. Leteni madereva wenu, na hasa yule mwenye kichwa kigumu kuliko wote, yule anayejulikana kwa jina la utani kwa sababu ya kasi yake. Tutapanga Probox mbili na bodaboda kadhaa kuzunguka lori, mbele, nyuma na kushoto, kisha yeye apande akae kwenye kiti changu, ashike usukani, aangalie vioo vyote, aniambie anaona magari mangapi. Baadaye tutaondoa kila kitu, niliendeshe kwa mwendo wa kilomita 40, anipungie mkono anapotaka nisimame, na tupime kwa hatua zake mwenyewe nimesimama wapi. Dizeli ni juu yangu. Nyinyi leteni chai na mkanda wa kupimia, maana najua atabisha hatua.

Wenu barabarani,

Dereva wa tela, Kimaeti, Bumula